Mwezi Usiochelewa

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mlioketi huko nyuma karibu na mlango. Najua mmeichagua nafasi hiyo kwa sababu zenu, na sitamlaumu mtu akitoka mapema.

Nilipoombwa nizungumzie maana ya mwezi wa mavuno, nilipita kwanza nikiwauliza watu swali moja: mwezi wa mavuno ni upi? Wa kwanza akaniambia ni ule mkubwa kuliko yote ya mwaka. Wa pili akasema ni ule mwekundu. Wa tatu, kijana mwenye simu nzuri, hakujibu kwa mdomo, alinifungulia picha. Mwezi wa rangi ya chungwa umetua nyuma ya mti, mpana kama sinia. Nikamuuliza, hii umepiga mwenyewe? Akacheka.

Wote watatu wamekosea, na siwashangai. Kila ifikapo Septemba picha ni hizo hizo na maneno ni hayo hayo. Ukweli ni kwamba mwezi wa mavuno hauna ukubwa wake wa pekee, hauna rangi yake, wala hauangazi kuliko mwezi mwingine. Una sifa moja tu, na sifa hiyo haiingii kwenye picha hata upige ngapi, maana haimo katika sura yake. Imo katika saa. Mwezi huu hauchelewi.

Nitaeleza, lakini tuanze na jina, kwa sababu Kiswahili kimetutega. Kwetu mwezi ni kile kinachong'aa usiku, na mwezi ni zile siku 30 za kwenye kalenda. Mtu akisikia "mwezi wa mavuno" anaweza kudhani nazungumzia kipindi cha kuvuna. Leo nauzungumzia wa angani, ingawa tutaona baadaye kwamba hata hao wawili hawakuachana sana. Na tukishafika angani, lugha hiyo hiyo iliyotutega inatulipa. Ule mwezi uliojaa duara tunauita mwezi mpevu. Punje hupevuka shambani, tunda hupevuka mtini, mtu hupevuka akili, na mwezi nao hupevuka. Sijui kama aliyelitumia neno hilo kwa mara ya kwanza aliwaza mavuno, ila mimi kila nikilisikia nayawaza.

Basi mwezi wa mavuno ni ule mwezi mpevu ulio karibu zaidi na siku ya Septemba ambayo usiku na mchana hulingana, yaani tarehe 22 au 23. Ukihesabu mbele na nyuma, unaweza kuangukia popote kati ya tarehe 8 Septemba na tarehe 7 Oktoba. Mwaka 2020 ulikuwa Oktoba mosi. Mwaka 2024 ulikuwa tarehe 18 Septemba. Mwaka 2025 ulisogea hadi ukingoni kabisa, tarehe 7 Oktoba. Mwaka 2010 ulipatia shabaha: mwezi ulikamilika saa 6 tu baada ya usiku na mchana kulingana. Hayo ni ya kaskazini mwa dunia. Kusini, kule Argentina au Australia, mambo ni yale yale ila huja Machi na Aprili, kwa kuwa majira yao yamepinduka.

Sasa habari ya kuchelewa.

Kila aliyewahi kuungoja mwezi anaijua tabia yake. Jana umetoka mapema, leo umechelewa, kesho utachelewa zaidi. Dunia inajizungusha, ndiyo maana tunaona jua, nyota na mwezi vikitoka mashariki. Lakini dunia ikimaliza mzunguko wake mmoja, mwezi nao haukukaa ukingoja. Umekwisha kusogea nyuzi 12 au 13 kuelekea mashariki katika safari yake ya kutuzunguka. Dunia inarudi pale pale ilipokuwa jana, inatazama, mwezi haupo. Inabidi izidi kuzunguka kidogo ili iufikie. Kule kuzidi ndiko kuchelewa kwenyewe, na kwa wastani ni dakika 50 kwa siku.

Pigeni hesabu. Mwezi mpevu huwa upande wa pili kabisa wa jua, kwa hiyo huchomoza karibu na wakati jua linapotua. Tuseme leo ni saa 12 jioni. Kwa dakika hizo 50, kesho utatoka saa 12 na dakika 50, keshokutwa saa 1 na dakika 40, mtondo saa 2 na nusu. Kati ya jua kutua na mwezi kutoka panabaki pengo la giza, na pengo hilo hupanuka kila jioni. Naomba mlishike pengo hilo. Mazungumzo yote ya leo yamo humo.

Dakika 50 ni wastani, na wastani ni msema kweli anayeficha mengi. Nendeni latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, iliko Beijing, iliko Madrid. Huko mwezi wa mavuno huchelewa dakika 25 hadi 30 tu kutoka jioni moja hadi nyingine. Pandeni zaidi kaskazini, mwingie Uholanzi, Uingereza, Denmark: dakika 20, 15, miaka mingine 10. Rudini huko huko mwezi Machi mkute kinyume chake. Mwezi mpevu wa Machi huchelewa zaidi ya saa nzima kila siku, kama mtu aliyekosana na wenyeji wake. Na kwenye Ikweta je? Dakika 50 hivi, Septemba, Machi, mwaka mzima. Mtu wa Ikweta anaweza kuutazama mwezi miaka 80 asiione hata dalili ya mwezi wa mavuno, na asiwe na kosa. Jina litamfikia, picha zitamfikia, lakini jambo lenyewe halipo juu ya paa lake.

Kwa nini? Hapa huwa watu wanasinzia, kwa hiyo nimekuja na rula na kifungo cha shati.

Hii meza iliyo mbele yangu, ukingo wake ndio upeo wa macho, pale mbingu inapokutana na ardhi upande wa mashariki. Rula ndiyo njia anayopita mwezi. Kifungo ndicho mwezi. Kwanza naisimamisha rula ikaribie wima, nusu iko juu ya ukingo, nusu iko chini. Kifungo leo kiko sawasawa na ukingo: mwezi unachomoza. Siku moja imepita. Nakiteremsha kwenye rula sentimita 13, sentimita moja kwa kila nyuzi. Tazameni kilipo. Kimezama chini kabisa ya meza, nusura kinidondoke. Dunia itafanya kazi kubwa kukirudisha juu.

Sasa nailaza rula, ikaribie kulingana na ukingo. Nakisogeza kifungo sentimita zile zile 13. Kimekwenda wapi? Kimekwenda pembeni. Chini kimeshuka sentimita mbili, tatu, basi. Dunia ikijipindua kidogo tu, hicho kimetoka.

Mwezi haukupunguza mwendo. Umekwenda safari ile ile ya kila siku, isipokuwa safari hiyo imeambaa na upeo wa macho badala ya kuzama chini yake. Na kinachoilaza rula ni mambo mawili: kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23 na nusu hivi, na mahali uliposimama. Kwa mtu wa latitudo 40 kaskazini, jioni za Septemba njia hiyo hukutana na upeo wa mashariki kwa pembe ya nyuzi 27 hivi. Jioni za Machi husimama hadi 73. Kwenye Ikweta ni 67 Septemba na 67 Machi. Rula haijawahi kulala.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho wengi hukiruka. Njia ya mwezi haifuati sawasawa ile ya jua. Imepishana nayo kwa nyuzi 5, na mpishano huo nao huzunguka, mara moja kila miaka 18 na miezi kadhaa. Kuna miaka huilaza rula zaidi, na kuna miaka huinyanyua. Mwaka 2006 rula ililala sana, na 2024 na 2025 ikalala tena. Mwaka 2015 iliinuka. Kwa hiyo hata miezi ya mavuno yenyewe haifanani; kuna mwema, na kuna mwema zaidi.

Niwaambie ni nani aliyeyaandika haya vizuri kuliko wote niliowasoma, maana huyu ndiye hasa aliyenifanya nikubali kuja kuzungumza. Anaitwa James Ferguson, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1710. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba. Shule rasmi aliipata kwa miezi mitatu hivi, kisha akapelekwa kuchunga kondoo. Usiku, kazi ikiisha, alikuwa akijifunga blanketi, anakwenda uwandani, analala chali. Mkononi ana uzi wenye shanga ndogo ndogo. Anaunyoosha uzi mbele ya macho, urefu wa mkono, anazisogeza shanga moja moja hadi kila shanga iifunike nyota yake. Kisha anaulaza uzi juu ya karatasi na kutia alama mahali pa kila shanga. Ndiyo ramani yake ya mbingu hiyo. Uzi, shanga, na baridi ya Uskoti.

Mkulima aliyemwajiri alimwona na kwanza akacheka. Akaja kuelewa. Baadaye, Ferguson mwenyewe anasimulia, mkulima yule alikuwa akiichukua fimbo ya kupuria nafaka kutoka mikononi mwa kijana na kupura yeye, bosi, huku kibarua amekaa kando yake ghalani na bikari, rula na kalamu. Mimi nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Waajiri wa namna hiyo sijui wameishia wapi.

Kijana huyo akaja kuwa mhadhiri mashuhuri wa elimu ya nyota huko Uingereza, na mwaka 1763 akapokewa katika chama kikuu cha wanasayansi cha nchi hiyo, Royal Society. Mwaka 1756 alichapisha kitabu cha elimu ya nyota, na humo akatenga sura nzima kwa ajili ya mwezi wa mavuno. Anaanza kwa kusema watu huamini kwamba mwezi huchelewa dakika 50 kila siku, lakini hilo ni kweli Ikweta tu. Mnasikia? Ikweta tu. Kwenye latitudo za juu, anasema, kuna tofauti kubwa, hasa wakati wa mavuno. Na jambo hilo wakulima walikuwa wakilijua vizuri kuliko wataalamu wa elimu ya nyota, mpaka siku za karibuni. Wakulima hao walimshukuru Mungu, kwa imani kwamba ameupanga mwezi utoke mapema makusudi, ili wao wapate mwanga wa kuvunia mara jua likitua.

Sura hiyo pia ina orodha ya miaka ambayo mwezi wa mavuno hufaa zaidi na ile ambayo hufaa kidogo, kwa sababu ya ule mzunguko wa miaka 18 niliowatajia. Orodha ya miaka, iliyotengenezwa na mtu aliyewahi kushika fimbo ya kupuria. Hapo nakata shauri langu: maana ya mwezi wa mavuno ni maana ya kikazi. Jina hili halikutoka kwa washairi. Limetoka kwa watu waliokuwa na shughuli ambayo haijaisha, na jua linatua.

Twendeni shambani basi, kaskazini, enzi za mundu. Ngano au shayiri imekauka, masuke yameinama. Mbele wako wavunaji wameinama na mundu. Nyuma yao wafungaji, wanaokusanya mabua wanayaviringisha kuwa miganda. Kamba ya mganda ni mabua yenyewe, yamesokotwa. Miganda husimamishwa kwa makundi, vichwa juu, ipigwe na upepo, kisha hupakiwa kwenye mkokoteni hadi ghalani. Kila hatua ina haraka. Punje iliyokauka kupita kiasi hupukutika chini, na ukiokota utaokota mchanga. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, punje huota zikiwa bado kwenye suke, na nafaka iliyoota haitoi unga wa maana. Mazao yaliyopevuka hayajui kungoja.

Na jua, wakati huo huo, linadokoa. Septemba ndipo mchana unapopungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa nusu hiyo ya mwaka. Kwenye latitudo 52 ni kama dakika 4 kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Yaani kazi imefika kileleni na mchana unakatwa. Hapo ndipo mwezi unapokuja jioni nne tano mfululizo, kila jioni karibu na wakati ule ule, mara jua likizama. Lile pengo la giza nililowaomba mlishike, jioni hizo halipo. Mwanga wa magharibi haujafifia, mashariki tayari pana taa. Mvunaji hana haja ya kwenda kukaa na kurudi. Hainui hata mgongo, pengine.

Lakini tusiutie mwezi chumvi. Taa yenyewe ni hafifu. Jua hung'aa mara 400,000 hivi kuliko mwezi mpevu. Uso wa mwezi ni mweusi. Hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, sawa na barabara ya lami iliyochakaa. Tunauona mweupe kwa kuwa umezungukwa na giza. Chini ya mbalamwezi huwezi kusoma maandishi madogo, na rangi hupotea: blanketi jekundu na la kijani yote ni kijivu. Kinachobaki ni maumbo. Unauona mganda, unaliona gurudumu, unaiona shingo ya farasi na njia ya kwenda ghalani. Na fundo la mganda hufungwa kwa vidole. Macho yanasaidia tu. Kwa kazi ya kufunga, kubeba na kupakia, mwanga huo unatosha.

Kuhusu ukubwa na wekundu, nitapita haraka, kwa sababu hayo si ya mwezi wa mavuno peke yake. Mwezi wowote ukiwa chini karibu na ardhi huonekana mkubwa. Ni macho na akili vinavyotudanganya, na wataalamu bado wanabishana jinsi vinavyotudanganya. Ukitaka kuvikamata, viringisha karatasi kama bomba uuchungulie mwezi humo unapochomoza, kisha uuchungulie tena ukiwa juu usiku wa manane. Ni ule ule. Ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa umenyooka, huufunika wote na nafasi ikabaki. Kwa hakika ukiwa chini kwenye upeo uko mbali nasi zaidi, kilomita elfu sita na kitu zaidi ya ukiwa utosini. Na ile rangi ya chungwa ni hewa: mwanga unapita kwenye tabaka nene, buluu inatawanyika njiani, wekundu unafika. Hutokea Januari, hutokea Juni. Nadhani umehusishwa na mavuno kwa sababu hizo ndizo jioni ambazo watu wengi walikuwa nje, macho yao mashariki, wakiungoja.

Nirudi kwenye ule mtego wa lugha, mwezi na mwezi.

Miezi 12 ya angani, kutoka mwandamo hadi mwandamo, hufanya siku 354. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Kuna upungufu wa siku 11, na kila jamii iliyohesabu kwa mwezi ililazimika kuamua la kufanya nazo. Kalenda ya Kiislamu iliziacha ziende. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote, ikamkuta mtu wa kaskazini leo kwenye theluji na baada ya miaka 16 kwenye joto kali. Wachina na Wayahudi walichagua njia nyingine: kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa 13, mara 7 katika miaka 19, ili sikukuu za mavuno zisiyahame mavuno. Mwezi wa mavuno nao, kama mlivyosikia, una jina la mwezi lakini tarehe yake imefungwa kwenye jua. Ni suluhu kati ya wawili hao.

Na suluhu hiyo huzaa sadfa nzuri. Jioni ya tarehe 6 Oktoba 2025, chini ya siku moja kabla ya mwezi kukamilika, Wachina walikuwa katika sikukuu yao ya katikati ya vuli, siku ya 15 ya mwezi wa 8. Wakorea siku hiyo hiyo walikuwa na Chuseok, siku ya kurudi nyumbani na kuwakumbuka waliotangulia. Wajapani walikuwa wakitazama mwezi, wameweka maandazi ya mviringo ya mchele na mabua ya nyasi ndefu mbele yake. Jua lilipotua, Wayahudi wakaingia kwenye Sukoti, sikukuu ya vibanda, ambayo tangu kale huitwa pia sikukuu ya kukusanya mazao. Kalenda tofauti, dini tofauti, mwezi mmoja. Si kila mwaka hulingana hivyo. Mwaka 2022 Sukoti ilikuja mwezi mzima baadaye. Kwa Wachina duara la mwezi limeingia hadi kwenye neno la familia kukutana: neno hilo ndani yake lina "mviringo". Na kwa wasiojua, vyombo vyao vya kwenda mwezini huitwa Chang'e, jina la mwanamke ambaye hadithi za sikukuu hiyo zinasema anaishi huko. Mwaka 2019 kimojawapo kilitua upande wa mwezi tusiouona, kikashusha kigari kinachoitwa sungura, yule sungura wa hadithi.

Swali ambalo najua litakuja, na mzee wa pale mbele ameshanyanyua kidole, ni hili: leo mavuno yanafanywa kwa mashine zenye taa. Mwezi wa nini? Ni swali la haki. Mashine ya kuvuna ya kukokotwa na farasi ilipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, huko Marekani mwaka 1834, na tangu hapo mundu ulikuwa safarini kuelekea makumbusho. Zaidi ya hapo sina jibu la kumtosheleza mzee wangu. Nina kisa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mgeni kaskazini, latitudo 52, nikaamua kumpima Ferguson kwa saa ya mkononi. Jioni nne nilisimama kwenye lango la shamba na daftari, nikiandika dakika ukingo wa mwezi unapotokeza juu ya mstari wa miti. Kutoka ya kwanza hadi ya pili: dakika 12. Kisha 15. Kisha 22. Nilikuwa nimekulia kwenye dakika 50, na nakiri kwamba jioni ya pili nusura nichelewe, nikaukuta ndiyo kwanza unatokeza.

Jioni ya tatu shambani kulikuwa na mashine ikikata mahindi ya kulishia ng'ombe. Taa sita, labda nane, nyeupe kali. Dereva amekaa kwenye chumba chake cha kioo, na nyuma yake mwezi umepanda, mpana, rangi ya chungwa, na sidhani kama aligeuka. Taa zile ziliufanya uonekane kama karatasi iliyobandikwa. Nilikaa hadi alipomaliza. Alileta mashine karibu na lango, akazima injini, akazima taa, akashuka akinyoosha mgongo. Kwa muda sikuona kitu. Kisha macho yalizoea, na lile shamba lote likajitokeza polepole, mistari ya mabua yaliyokatwa, alama za magurudumu, uzio wa mwisho kabisa kule chini. Yule bwana akazunguka mashine yake akikagua meno ya mbele, moja baada ya jingine. Hakuwasha tochi.